Likizo ya Desemba na watoto wadogo na bibi: Msimbati, Kilwa au Mafia?

MamaMapacha_Mtwara
Habari zenu wadau, hasa mlioko huku kusini. Shule zikifungwa Desemba tunataka kutoka familia nzima, naomba mnisaidie kulinganisha maana hapa nyumbani kila mtu anavutia kamba kwake. Tupo Mtwara mjini. Tutakuwa mimi na mume wangu, mapacha wa miaka mitano, kaka yao wa darasa la sita, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, kutembea anatembea ila kupanda na kushuka kwenye boti lazima ashikwe. Usafiri wetu ni IST, gari dogo. Hela ya korosho ipo lakini ndo hiyohiyo ya ada ya Januari kwahiyo sio ya kumwaga.

Tunachotaka ni kupumzika. Sio safari ya kuamshana alfajiri kuwahi hiki na kile, nataka sehemu yenye bahari na kisiwa, watoto wacheze mchangani mpaka wachoke wenyewe, mama akae kivulini na samaki wake.

Mume wangu anataka Mafia sababu ya papa potwe. Kijana anataka Kilwa Kisiwani, amesoma shuleni basi ndo hadithi ya kila siku. Mimi nawaza Msimbati kwa sababu ni karibu. Ipi inafaa kwa watu wa aina yetu? Mliowahi kwenda na watoto naomba mseme ukweli.

Dereva wa Madimba
Dada njia ya Msimbati naipita sana kwahiyo niongelee hiyo tu. Kutoka Mtwara mjini unapita Madimba pale kwenye mtambo wa gesi unaendelea mpaka Msimbati kijijini, IST inafika bila shida ukienda taratibu. Tatizo linaanza ukitaka kwenda mbele mpaka Ruvula, huko ni mchanga na IST itakwama. Watu wanausifia ule ufukwe kwamba gari linapita juu ya mchanga bila kuzama na ni kweli kabisa, maji yakitoka mchanga unabaki mgumu gari linateleza tu, ila sio kila sehemu na sio kila saa, kuna watu wameacha gari wakaenda kuogelea waliporudi maji yameshafika kwenye tairi. Acha gari kijijini kwa mtu wa kuaminika halafu mama na watoto wapande bajaji au muongee na mwenye gari ya foo wili.

Na kuhusu kisiwa, Msimbati yenyewe ni nchi kavu ila ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000, na ndani yake kuna visiwa vidogo kama Mongo, Namponda na Kisiwa Kidogo. Unaenda kwa boti unashinda unarudi. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa kontroo namba, na mtanzania halipi sawa na mgeni, bebeni vitambulisho.

KilwaDamu
Mpeni kijana haki yake jamani. Mtoto wa darasa la sita anaomba mwenyewe kupelekwa Kilwa Kisiwani, hiyo bahati wazazi wangapi wanaipata? Pale atauona Msikiti Mkuu ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ataona Husuni Kubwa jumba la sultani limekaa ukingoni juu ya bahari na lile birika la pembe nane, ataona Gereza, pale ambapo wareno walianza kujenga ngome yao mwaka 1505. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale mwaka 1331 akaandika kwamba ni mji mzuri. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipitia hapo na masultani walipiga sarafu zao wenyewe. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Vitu hivi mtoto akivigusa kwa mkono havitoki kichwani.

Na mapumziko yapo pia. Mnalala Kilwa Masoko, ufukwe wa Jimbizi maji yametulia watoto wanaoga mbele ya macho yenu, mnavuka Kisiwani asubuhi mnarudi mchana. Kuvuka ni mkondo mwembamba tu, kisiwa unakiona umekaa Masoko. Kibali cha kuingia magofuni mnachukua kabisa Masoko kabla ya kuvuka.

Mwalimu_Lindi
KilwaDamu umeongea vizuri lakini soma tena swali, amesema bibi ana magoti. Mimi nimewahi kupeleka wanafunzi Kisiwani. Gereza liko karibu na unaposhukia na Msikiti Mkuu sio mbali, hapo bibi anafika kwa mwendo wake akakaa chini ya mti. Lakini Husuni Kubwa ni mwendo mwingine kabisa na Desemba jua la saa tano lile kwa mtoto wa miaka mitano ni kulia njia nzima. Songo Mnara ndo usiseme, kule unashuka kwenye maji na kupita penye mikoko, bibi atabebwa mgongoni na nani?

Halafu kutoka Mtwara mpaka Kilwa Masoko kwa IST na watoto, mnapita Mingoyo, Lindi, Mchinga, Kiranjeranje, mpaka Nangurukuru ndo mnakata kulia kwenda Masoko. Siku nzima imeisha barabarani kwenda na siku nyingine kurudi. Kwa mtu mwenye likizo fupi hizo ni siku mbili za mapumziko zimeliwa na lami.

KilwaDamu
Mwalimu siku nzima umezidisha, mkitoka asubuhi mchana mnakula Masoko. Lakini la Husuni Kubwa na jua la Desemba nakubali. Kiukweli msimu mzuri wa kutembea magofuni ni Juni na Julai, kunakuwa na ubaridi na hakuna mvua, na ile bandari ya Kilwa imekingwa kwahiyo hata kusi ikivuma kuvuka Kisiwani bado kunawezekana.

Chole_Kwetu
Mimi ni wa Mafia kabisa na napenda wageni waje lakini shemeji yetu nitamwambia ukweli. Papa potwe wapo msimu huo, wanakuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, na Desemba ni katikati ya msimu. Unatoka na boti asubuhi, nahodha anatafuta, mkimpata wanaojua kuogelea wanaingia majini pembeni yake bila kumshika. Ni samaki mkubwa ana madoa meupe mgongoni, mpole, anakula vijidudu vidogo vya baharini tu na hana habari na mtu. Mume wako atafurahi na kijana atafurahi. Mapacha watabaki kwenye boti na bibi atabaki hotelini. Na kuna siku mnazunguka mpaka jua linakuwa kali hamjamuona, yule ni wa porini hapangiwi.

Safari sasa. Kutoka Mtwara mnaenda mpaka Bungu, mnakata kwenda Nyamisati, hapo kuna kivuko cha kuja Kilindoni. Hamuwezi kutoka Mtwara asubuhi mkalala Mafia siku hiyohiyo kwa barabara na watoto, mtalala njiani. Ndege zipo lakini mnapitia Dar na kwa watu sita hiyo ada ya Januari imeshaondoka.

Kingekuwa kitu cha karibu ningewaambia nendeni Chole, kile kisiwa kidogo mbele ya Utende, unakizunguka kwa miguu, kuna magofu yamemezwa na mizizi ya miti na wale popo wakubwa wanaolala mchana wananing'inia mtini kwa mamia, watoto wanawapenda mno. Lakini subirini mapacha wajue kuogelea. Mafia haiendi popote.

Baba wa Mtepwezi
Naona wote mnampeleka Msimbati ila hamjamwambia kwamba huduma kule ni chache. Hakuna duka la kila kitu, maji ya kunywa mbebe, dawa za watoto mbebe, chandarua mbebe, umeme na netiweki usitegemee sana. Mimi nilipiga simu nikaweka nafasi sehemu moja ufukweni huko, nikafika na familia jioni naambiwa chumba kimoja kati ya viwili kapewa mtu mwingine, tukalala sita chumba kimoja na joto lile. Lipia sehemu kidogo, upewe risiti au meseji, na ukiwa unatoka Mtwara piga tena kabla hujawasha gari.

Ushauri wangu ni laleni Mikindani au Shangani muwe mnakwenda na kurudi. Mikindani kuna lile Boma la wajerumani limegeuzwa hoteli na lina bwawa la kuogelea, na kijana anapata historia yake hapohapo, Livingstone alianzia pale safari yake ya mwisho mwaka 1866. Siku moja vukeni Msangamkuu kwa pantoni, ni hela ndogo sana na mapacha watafurahia pantoni kuliko hata ufukwe wenyewe. Msangamkuu watu wanaita kisiwa ila ni rasi, hilo halibadilishi kitu, mchanga mweupe, madafu, samaki wa kukaanga, na bibi anaingia kwenye pantoni anatembea bila kubebwa. Mtoto akiumwa hospitali ya Ligula ipo karibu.

MamaMapacha_Mtwara
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Mafia naona tuiache kwa sasa na mume wangu amesoma mwenyewe hapa amekubali. Ila Baba wa Mtepwezi nikilala Shangani mimi wa Mtwara mjini nitajiona nipo nyumbani, nitarudi kupika! Nataka angalau siku tatu nne nikilala sisikii bodaboda. Sasa swali, Msimbati watoto wanaoga wapi salama? Nasikia kuna sehemu kina kinaanza ghafla. Na hivyo visiwa bibi ataweza kweli?

Nahodha Mstaafu
Mwanangu salaam. Nimesoma yote na mmejibizana vizuri lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza utaenda mwezi ukiwa wapi. Wewe unapanga kwa kalenda ya shule, bahari ina kalenda yake.

Nikueleze. Mwezi mpevu na mwezi mchanga tunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Huku kwetu siku za bamvua maji yanakuwa yametoka mnamo saa nne saa tano asubuhi, na yanakuwa yamejaa mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kwahiyo ikipita wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka, ni maji mafu sasa, maji yamejaa saa nne saa tano asubuhi na hayatoki mbali.

Sasa tazama hiyo familia yako. Watoto wa miaka mitano wanataka kuoga asubuhi kabla jua halijachoma na kabla upepo haujaamka. Ukienda kwenye bamvua saa nne asubuhi bahari imeondoka, imebaki miamba na majani ya bahari, utatembea mbali kuyafikia maji na ukiyafikia yana mkondo. Na boti ya kwenda kisiwani itakaa mbali, mama yako atakanyaga tope na mawe kuifuata, na magoti yale. Ukienda kwenye maji mafu saa nne maji yapo pale chini ya mivinje, yametulia, boti inasogea mpaka mchangani, mama anashikwa mkono huku na huku anapanda. Bahari ileile, kijiji kilekile, ila safari mbili tofauti kabisa.

Hilo la kina ulilosikia ni kweli. Upande wa Ruvula unaotazama mkondo maji yanakuwa marefu haraka, hapo ni kwa wanaojua kuogelea. Wadogo waoge upande wa ndani ya ghuba, na awepo mtu mzima ndani ya maji, asikae mchangani na simu.

Mwalimu_Lindi
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote hapo kwenye bamvua naomba nitofautiane na wewe kidogo. Watoto wadogo hata hawaogelei, wanachotaka ni kuchezea. Maji yakitoka ndo bahari inafunguka kwao. Mimi wanangu niliwapeleka kipindi cha bamvua, ile saa nne kina mama wa kijijini wanashuka na vijiti vyao kutafuta pweza, watoto wakawafuata nyuma. Yule mama anaingiza kijiti kwenye tundu la mwamba anakizungusha kidogo anasubiri, mkono wa kwanza wa pweza unatoka unajizungusha kwenye kijiti, unakuja wa pili, hapo anamvuta, pweza mzima anatoka na maji meusi yanaruka, halafu anampigapiga juu ya jiwe mpaka alainike. Wanangu walikaa kimya kama wapo msikitini. Kwenye vidimbwi kuna kiti cha pweza, kuna kaa, kuna visamaki vya rangi. Maji yakijaa juu ya vyote hivyo mtoto anaona bluu tu.

Nahodha Mstaafu
Marahaba mwalimu. Umesema kweli na mimi sipingi, wanawake wa pwani wanaijua miamba kuliko sisi wa mashua. Lakini wewe hukuwa na bibi wa magoti. Basi tumpe mwanangu njia ya katikati. Aanze siku ambayo bamvua inakwisha, siku ya kwanza na ya pili maji bado yanatoka asubuhi watoto waende kwenye vidimbwi na kina mama. Siku zinavyokwenda maji yanazidi kuchelewa kutoka, siku ya nne na ya tano yanakuwepo asubuhi, ndo siku ya kuoga na ndo siku ya kumpandisha bibi kwenye boti kwenda Namponda au Kisiwa Kidogo. Asifanye kinyume, akianza na boti ataanza na tope.

Na kwenye miamba watoto wavae viatu, yeboyebo zinatosha. Kuna wale viumbe weusi wa miba mirefu kwenye mashimo, mwiba wao ukiingia unakatikia ndani.

Dereva wa Madimba
Hili la mzee linaingiliana na gari pia. Kama mtapita ufukweni na foo wili kwenda Ruvula hakikisheni maji yametoka, kwahiyo siku ya kwanza bamvua ikiwa bado ipo mnapita vizuri asubuhi. Mkichelewa mkafika saa kumi jioni hakuna njia pale, ni bahari.

Tunda la Mkorosho
Mimi nyongeza ya chakula tu maana hamjaigusa. Mchele, mafuta, vitunguu, nyanya, viungo na maji nunueni Mtwara mjini. Samaki msibebe, mnaongea na wavuvi wanaporudi asubuhi mnapata changu, tasi, ngisi, wakati mwingine kolekole, na mnalipa bei nzuri kuliko feri. Nazi zipo. Mtafuteni mama wa palepale awapikie kwa malipo, wali wa nazi na pweza wa mchuzi mzito, na nyie muwe mmepumzika kweli maana likizo ambayo mama wa nyumba bado yuko jikoni hiyo sio likizo yake. Embe Desemba ni za kumwaga. Na njiani mkikutana na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mchukulieni bibi fungu lake.

Baba wa Mtepwezi
Sawa nimekubali kuhusu kulala nje ya mji. Ila hiyo siku ya kisiwani bado nina wasiwasi, boti zile zingine ni za uvuvi hazina kivuli wala jaketi okozi.

Nahodha Mstaafu
Wasiwasi wako ni wa maana. Uongee na ofisi ya hifadhi ukilipia kiingilio, waulize nahodha gani anaruhusiwa kupeleka watu visiwani. Usipande boti ambayo hujaiona. Angalia jaketi ni ngapi na zipo za watoto, la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano linamvuka kichwani halimsaidii. Angalia kama injini inawaka mara moja. Bei muongee kwenda na kurudi na mafuta ndani yake, na mlipe nusu mkirudi.

Mtoke saa mbili au saa tatu asubuhi. Desemba kaskazi inaanza na asubuhi bahari bado imelala, mchana upepo unaongezeka. Kule kisiwani pelekeni turubai na miti minne, vivuli ni vichache.

MamaMapacha_Mtwara
Mzee wangu shikamoo na asante sana, na wewe mwalimu. Nimeshaamua na nyumbani tumekaa tumekubaliana. Msimbati Desemba hii, siku tano, tunaanza bamvua ikiwa inaisha kama mlivyosema, nimeangalia mwezi na likizo ya mume wangu inaangukia vizuri. Siku ya kurudi mjini tunavuka Msangamkuu kwa pantoni kwa ajili ya mapacha. Gari linabaki kijijini. Chumba nimeshaongea nao wametuma meseji ya kuthibitisha na nitapiga tena.

Kijana nimemuahidi Kilwa likizo ya Juni, KilwaDamu nitakutafuta. Ameuliza jambo moja nikaona nililete hapa, eti akiokota kipande cha bakuli la kale pale Kisiwani anaruhusiwa kuja nacho nyumbani?

KilwaDamu
Mwambie hapana, asiokote hata kimoja. Vile vipande vya vyombo vya China na shanga vimetapakaa mchangani na kila kimoja kina mahali pake, watafiti wanajua nani aliishi wapi kwa kuangalia kilipolala. Apige picha, achore kwenye daftari, amuulize maswali yule mwongoza wageni mpaka achoke. Eneo lile liliingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 likatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta, na wenyeji wa kisiwani walishiriki. Juni nipe taarifa mapema, nitakuelekeza kwa nahodha wa mashua anayejua kupokea wazee.

Chole_Kwetu
Na mapacha waanze kufundishwa kuogelea huko huko Msimbati, kaka yao awafundishe kuelea kwanza, asubuhi maji yakiwa kiunoni mwa mtu mzima. Wakishajua nitafute, Oktoba au Novemba bahari inakuwa imetulia kuliko Desemba na papa potwe wameshafika.

MamaMapacha_Mtwara
Nimeandika. Mzee swali la mwisho, siku ya kisiwani turudi saa ngapi?

Nahodha Mstaafu
Saa saba mkishakula muanze kufungasha, saa nane boti iwe imeng'oa nanga. Nahodha akikwambia tuondoke mapema zaidi ya hapo usibishane naye, hata kama watoto wanalia.